Kagua Soksi na Matairi Kabla ya Kuingia Hifadhini

Kwa misimu kadhaa nimejitolea kung'oa magugu vamizi katika maeneo ya hifadhi, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba gugu geni ni nadra kuanzia katikati ya msitu. Mara nyingi huanzia kandokando ya barabara, kwenye maegesho, kambini na kwenye vijia vya watembea kwa miguu, mahali ambapo udongo umetifuliwa, jua linafika hadi chini, na maji ya mvua hutiririka kutoka barabarani na kutuama mtaroni. Ukiliona limejipanga kufuata barabara kama pindo la nguo, fahamu kwamba limeletwa na wapitaji.

Gugu nililolizoea zaidi ni gugu karoti, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, ambalo leo limeenea Afrika, Asia na Australia. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni meupe na madogo mno. Laweza kuchanua wiki 4 tu baada ya kuota, na mche mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Wanyama wengi hulikwepa na kula nyasi zilizo jirani, hivyo wao wenyewe hulipanulia nafasi.

Wakati mmoja, baada ya safari ya siku mbili, nilikwangua tope lililoganda nyuma ya matairi ya gari letu, nikalitandaza kwenye beseni na kulimwagilia kila asubuhi. Baada ya wiki mbili nilihesabu miche 11. Mingi ilikuwa nyasi za kawaida, lakini miwili ilikuwa na yale majani yaliyochanika. Tangu hapo siingii hifadhini kabla ya kuosha gari, pamoja na uvungu wake, na kusugua viatu kwa brashi ngumu hadi kwenye mifereji ya soli. Soksi, mikunjo ya suruali na vifungo vya kunata vya mkoba navyo vikaguliwe kwa mkono. Watafiti waliowachunguza wageni wa Antaktika katika msimu wa 2007–2008 walikuta wastani wa mbegu zaidi ya 9 kwa kila mtu, na hao walikuwa wakielekea bara la barafu. Usafi huo ufanywe pia unapotoka, lakini si kando ya kijito, kwa maana maji yatazibeba mbegu mbali kuliko gari.

Kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa la kufyeka kwa kuchelewa. Tulikata magugu yaliyokwisha kukomaza mbegu, tukayapakia kwenye gari la wazi, na mvua zilizofuata zikatuonyesha njia yote tuliyopita. Bado linaniuma. Ng'oa kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, mzizi wote utoke. Mimea yenye mbegu ifungwe kwenye mifuko papo hapo. Vaa glavu na barakoa, kwani gugu karoti huwasha ngozi na chavua yake huweza kuamsha pumu. Omba kwanza kibali na maelekezo ya wasimamizi wa hifadhi, maana mgeni asiyeijua mimea ya eneo hilo anaweza kung'oa ya asili.

Wanaotengeneza barabara nao wana sehemu kubwa, pengine kubwa kuliko yetu sote. Greda lililofanya kazi penye magugu huburuta udongo wenye mbegu kilomita nyingi, na changarawe iliyochimbwa kwenye machimbo yaliyovamiwa hupanda gugu barabara nzima. Mashine zianzie sehemu safi, zimalizie sehemu chafu, kisha zioshwe. Katika kung'oa pia, ningeshauri kuanza na vichaka vidogo vilivyojitenga, ambavyo bado vinaweza kumalizwa, kabla ya kulivamia pori kubwa.

Baada ya hapo kazi ni kurudi, kwa sababu mbegu hubaki hai ardhini kwa miaka. Kipande cha kwanza tulichokisafisha naendelea kukipitia kila baada ya mvua, na mara ya mwisho niling'oa miche mitatu, yote kandokando ya mtaro.