Maswali na majibu: Ravens -4.5 mwezi wa nane, niweke?

Swali: Kaka, habari za kazi. Naishi Columbus, Ohio, na mwaka huu nimeanza kubeti futiboli ya Marekani. Wiki hii Ravens, timu ya Baltimore, wapo nyumbani kwenye mechi ya maandalizi na wamepewa -4.5, yaani lazima washinde kwa pointi 5 au zaidi. Najua waliwahi kushinda mechi 24 mfululizo za aina hii, na ukilinganisha kikosi chao na cha wapinzani ni mbingu na ardhi. Kuna jamaa wa Telegram anauza mikeka kwa dola 60 kwa mwezi, naye kawaweka Ravens kwenye mkeka wake wa timu tano. Anasema ni uhakika. Niwachukue kwa -4.5 au niwape ushindi tu? Na ikitoka sare, pesa inarudi? – M., Columbus

Jibu: Nianze na sare, maana ni fupi. Tangu 2021 mechi za maandalizi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hazina muda wa nyongeza, kwa hiyo sare ipo. Ukiwa umebeti ushindi tu na hakuna chaguo la sare, kampuni nyingi hurudisha dau, ila soma masharti ya kampuni yako kabla hujaweka. Kwenye -4.5, sare maana yake umeliwa.

Sasa hilo la kikosi. Ndugu yangu, kikosi kipi? Kila ikifika Agosti napokea swali hili, na kila anayeuliza ananitajia majina ya watu ambao siku hiyo watakuwa wamevaa kofia pembeni ya uwanja wanakunywa maji. Lamar Jackson, mrushaji mpira wao mkuu, ndiye aliyekufanya uwaone Ravens ni mbingu, na Lamar Jackson ndiye mtu ambaye kocha hataki aguswe hata na upepo kabla ya Septemba. Sean McVay, kocha wa Rams, ndiyo kabisa, miaka na miaka wachezaji wake wakubwa huwaweka nje mechi hizi.

Timu huingia kambini na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Zidisha kwa timu 32: karibu watu 1,200 hukatwa. Baadhi hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, wengine wanakwenda kutafuta kazi nyingine. Hao ndio watakaocheza robo ya nne, wakati mkeka wako unaamuliwa. Unabeti juu ya kijana wa tatu kwenye foleni ya warushaji mpira, anayemtupia mwenzake waliyejuana wiki tatu zilizopita, huku ukuta unaomlinda ni wa watu ambao nusu yao hawatakuwepo wiki ijayo.

Halafu kuna kocha, na hapa ndipo wengi wanapotea kabisa. Kwenye msimu wenyewe, timu ikiwa imefika yadi 30 za mpinzani, jaribio la nne ambalo ndilo la mwisho, zimebaki yadi 3, na inaongoza kwa pointi 2, kocha anaweza kuchukua teke la pointi 3 bila kufikiri sana. Agosti huyo huyo anaweza kuacha zile pointi, akamrushia mpira kijana mgeni ili aone kama anajua kujitoa kwa beki. Au afanye kinyume: ampe mpiga teke wa pili jaribio la yadi 55 ambalo Novemba asingelithubutu, kwa sababu anataka kujua mguu wake. Ukimlaumu kwamba hajui kulinda uongozi unamwonea. Yeye anatafuta mchezaji wa 53. Wewe unatafuta pointi 5. Hamko kwenye mechi moja.

Na zile 24 za Ravens? Ni kweli tupu. Mfululizo ulianza 2016 chini ya kocha John Harbaugh ukavunja rekodi ya Packers wa kocha Vince Lombardi walioshinda 19. Uliisha tarehe 21 Agosti 2023, Washington walipowafunga 29–28 kwa teke la yadi 49 sekunde za mwisho. Lamar Jackson hakucheza hata dakika moja. Lakini hesabu ile ni ya kushinda, siyo ya kushinda kwa pointi 5. Mtu wa -4.5 analia hata Ravens wakishinda kwa 3. Tena mpanga odi naye anaijua historia hiyo, na ameshakutoza kwa ajili yake ndani ya ile -4.5. Umenunua kitu ambacho bei yake imeshapandishwa.

Wanaobeti Agosti kwa akili hawaangalii historia. Wanasikiliza kocha anapoongea na waandishi katikati ya wiki: nani anaanza, wakubwa watacheza mara ngapi, warushaji watapokezanaje. Wanauliza kama timu mbili zimefanya mazoezi ya pamoja wiki hiyo, maana zikifanya hivyo, mara nyingi kocha ameshaona alichotaka na wakubwa wanakaa. Neno moja la kocha linaweza kuihamisha namba kwa pointi kadhaa ndani ya saa moja. Ndiyo maana kampuni hupokea dau dogo zaidi kwa mechi hizi kuliko za msimu: zinaogopa mtu aliyesikia kabla yao. Hazikuogopi wewe uliyepata -4.5 siku mbili baadaye kutoka Telegram.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiweke. Ukiwa huwezi kukaa bila mchezo, subiri kocha aongee, kisha angalia namba ya nusu ya kwanza peke yake, ambako angalau unaweza kujua nani yupo uwanjani.

Huyo jamaa wa mikeka sasa. Sijui kwa nini watu wazima, wenye kazi na watoto, mkiambiwa "uhakika" mnaacha kuhesabu. Timu tano kwa -110 kila moja, ambayo kwa odi tulizozoea nyumbani ni 1.91, zinalipa mara 25 na kidogo. Kama kila moja ni nusu kwa nusu, haki yako ni mara 32. Yaani kwenye kila dola 100 unazoweka, kwa wastani zinarudi kama 79. Mkeka mrefu ndio bidhaa ambayo kampuni inaipenda kuliko zote, naye anakuuzia njia ya kuinunua.

Rekodi yake ya ushindi isikutishe. Ujanja wenyewe ni rahisi: chukua watu 1,024, nusu uwatumie timu A, nusu timu B. Walioliwa unaachana nao, walioshinda unawagawa tena. Baada ya mechi tano wapo 32 ambao kwao wewe hujawahi kukosea, na hao wanalipa bila kuombwa. Mwambie akuonyeshe mikeka yake yote ya mwaka uliopita, iliyochanika ikiwemo, na namba iliyokuwepo saa aliyoituma. Utaondolewa kwenye kundi.

Na hata angekuwa fundi kweli, piga hesabu ya ada. Tuseme unabeti mara 20 kwa mwezi, dola 20 kila mara, kwa -110. Kujirudishia pesa tu bila ada kunahitaji zaidi ya asilimia 52. Ukipatia 12 kati ya 20, asilimia 60, kiwango ambacho hata wanaoishi kwa kubeti hawakifikii kwa muda mrefu, unaingiza faida ya dola 58. Ukimlipa zake 60, umemaliza mwezi ukiwa chini kwa karibu dola 2.