GB 10 kwa siku mbili? Hujaibiwa

Pole dada wa Njiro unayelalamika kuwa GB 10 zimeisha kwa siku mbili ukiangalia Netflix, hapo hakuna aliyekuibia bando, ni ubora wa picha tu. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, HD (picha kali zaidi) mpaka GB 3, 4K (kali kabisa) mpaka GB 7. Sasa wewe na hiyo TV kubwa ya sebuleni, vipindi vitatu vya HD jioni moja, GB 10 zitatoboa wapi? Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, kwenye wasifu unaoutumia, weka matumizi ya data yawe ya kati. Hapo ni kama GB 0.7 kwa saa.

Halafu zima kile kitu cha kipindi kinachofuata kuanza chenyewe. Mimi huku Moshi ndicho kilinimaliza: watoto wamelala kwenye kochi midomo wazi, rimoti imedumbukia katikati ya mito, katuni inaendelea kujichezea hadi saa sita usiku. Siku hizi napakua kwenye simu kwa bando la usiku, ubora wa kawaida. Hata Tanesco wakikata, naangalia zangu.