Baiskeli ya pembe za kondoo kwenye mchanga wa Kigamboni

Kovu la kiwiko changu lina asili ya mbuzi mmoja wa Kibada. Alikatiza barabara ghafla, nikaminya breki ya kushoto kwa nguvu zote nikijua ni ya nyuma, kumbe ni ya mbele. Tairi la mbele likasimama, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Mbuzi hakupata hata mchubuko.

Ndiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza na baiskeli ya greveli, yaani ya barabara za changarawe, hizi zenye usukani uliopinda chini, ambazo watoto wa mtaani kwetu wanaziita pembe za kondoo. Kwa hiyo nianze na breki. Baiskeli nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya bara zina breki ya mbele mkono wa kushoto, za Uingereza mkono wa kulia. Mtumba unatushukia kutoka kote huko. Kabla hujamlipa muuzaji, inua tairi la mbele, lizungushe, minya mkono mmoja mmoja uone ni upi unaolisimamisha. Kama umezoea upande mwingine, mwambie fundi abadilishe waya. Mimi nilijifanya mjuaji.

Usukani wenyewe una sehemu tatu za kushika: juu pale pamenyooka, kwenye vinundu vya mpira vinavyobeba breki, na chini kwenye mapindo. Mwanzoni nilikuwa nang'ang'ania juu kwa sababu ndiko kulikofanana na baiskeli yangu ya zamani. Kosa kubwa, maana pale vidole havifiki kwenye breki, na Dar bajaji hakupi taarifa. Zoea kukaa kwenye vinundu, vidole viwili vikiwa tayari juu ya breki. Ukishuka mteremko wenye changarawe au barabara imefanya mawimbi, hamia chini kwenye mapindo. Inatisha siku mbili tatu, lakini huko ndiko breki inakamata kwa nguvu ndogo, na tairi likirukaruka mikono haichomoki. Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira alfajiri ya Jumapili, kabla vijana hawajaja na jezi zao.

Gia za Shimano kwenye usukani huu zimo ndani ya breki hizohizo. Mkono wa kulia, ukisukuma wenzo mkubwa kwenda ndani unapata gia nyepesi. Kile kidogo kilichojificha nyuma yake kinarudisha nzito. Utachanganya, halafu siku moja utashtuka vidole vinafanya vyenyewe.

Kilichonisumbua kuliko yote ni ganzi. Nikifika daraja la Kigamboni natokea Kibada, vidole viwili vya mwisho vimeshakufa. Nilinunua glavu, nikaongeza utepe mnene kwenye usukani, wapi! Fundi wangu aliitazama baiskeli bila hata kuigusa akasema, "Bosi, kiti chako kinakumwaga." Kweli, ncha ya kiti ilikuwa imeinama, mwili wote unateleza mbele na uzito unaishia viganjani. Akakilaza sawa. Kisha akahamisha zile pete zilizokuwa juu ya shingo ya usukani akaziweka chini yake, usukani ukapanda kama sentimita mbili. Ganzi ikaisha ndani ya wiki moja. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, rekebisha kukaa kwanza.

Sasa upepo. Vijana wa kujaza upepo barabarani wanajaza mpaka tairi lilie kama ngoma, na kwa Phoenix iliyobeba magunia wako sahihi. Wewe usikubali. Mimi nina kilo 74, tairi zangu zina upana wa milimita 40, na naweka PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 35 mbele na 38 nyuma. Nilipokuwa naweka PSI 55, kila rasta ilinigonga mpaka menoni, na kwenye mchanga wa kuelekea Kimbiji tairi lilikuwa linachimba kaburi. Mchanga ukiwa mzito, weka gia nyepesi mapema, sogeza makalio nyuma, legeza mikono uache tairi la mbele lichezecheze linavyotaka. Ukilazimisha kukata kona umeanguka. Ila usishushe upepo kupita kiasi, jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.

Valvu za tyubu hizi mara nyingi ni nyembamba na hazishikani na mashine za mtaani. Nunua adapta ndogo ya shaba, ifunge kwenye funguo za nyumbani. Beba tyubu mbili, pampu, vijiti vya kuvulia tairi na funguo za L. Chupa mbili za maji, si moja. Taa nyekundu nyuma hata mchana. Kengele ninayo, lakini bodaboda haisikii kengele, inasikia "oyaa!"

Na jamani, oili chakavu ya injini isiguse cheni yako. Inakamata vumbi inakuwa msasa, meno ya gia yanaliwa kimyakimya. Futa cheni kwa kitambaa, tone moja la mafuta ya baiskeli kila kiungo, futa tena ya ziada. Ukiishi karibu na bahari fanya hivyo kila wiki, chumvi haina huruma.

Madigadi nimefunga la mbele tu. La nyuma limegoma kwa sababu fremu yangu haina matundu ya skrubu, jambo ambalo sikuliangalia siku ya kununua. Masika yote nimefika kazini na mstari wa tope mgongoni. Wewe yaangalie yale matundu.