Barua kwa Mwanangu Kuhusu Shamba la Zabibu Uyui

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako tumeipata, na tumeisoma pamoja na baba yako. Umeuliza kama lile eneo letu la Uyui, ambalo limepumzika tangu tuache tumbaku, linaweza kuwa shamba dogo la zabibu la familia la kilimo hai, lisilotumia dawa za viwandani, kwa kupanda aina mpya za mizabibu ambazo umesikia kwamba zinastahimili ubwiri, yaani magonjwa ya ukungu wa majani na matunda. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sharti kwamba tusiziachie aina hizo kazi ambayo ni ya mkasi wetu na ya udongo wetu.

Wewe unaishi Dodoma, na mizabibu unayoiona huko imezoea nchi kavu, yenye mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Sisi hapa hupata kama milimita 900 hadi 1,000, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Ubwiri vinyoya huingia kwenye jani lililolowa, kwa hiyo miezi hiyo sita ndiyo itakayotuamulia kama shamba litadumu. Ubwiri unga wenyewe hauhitaji mvua, nao huendelea hata wakati wa kiangazi, hasa ndani ya majani yaliyosongamana.

Magonjwa haya mawili asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, na ubwiri vinyoya ukaingia Ufaransa mwaka 1878, ukakuta mizabibu ya Ulaya ambayo haikuwahi kukutana nao. Mizabibu pori ya Amerika ilikwisha kuishi na magonjwa hayo kwa vizazi vingi, na ndipo watafiti walipoanza kuichanganya na ile ya Ulaya. Huko ndiko zilikotoka aina za Ujerumani kama Regent, Solaris na Souvignier gris. Hizo zilizalishwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali, ambako mzabibu hulala miezi kadhaa kila mwaka. Kwa joto letu mimi nisingezitanguliza. Ningetazama zaidi aina za Brazili, kama BRS Vitória iliyotolewa na Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko, mwaka 2012, kwa sababu ilizalishwa kwa nchi ya joto, haina mbegu na inastahimili ubwiri vinyoya.

Ukishaipata, elewa ustahimilivu wake unavyofanya kazi. Kimelea cha ubwiri kikigusa jani, chembe hai zinazokizunguka hufa upesi na kukinyima chakula. Utakachoona ni vidoa vya kahawia vidogo kama kichwa cha pini, na ukigeuza jani chini yake hukuti manyoya meupe, au unakuta machache sana. Vidoa hivyo visikutie hofu ukakimbilia bomba la dawa. Hata hivyo, kustahimili si kutougua kabisa. Ulaya zimekwisha kuonekana aina za vimelea zilizoshinda baadhi ya kinga hizo, na kuna magonjwa mengine, kama uozo mweusi wa zabibu, ambayo kinga ya ubwiri haiyazuii. Kwa hiyo tutanyunyizia mrututu uliochanganywa na chokaa mara chache mvua zinapokuwa nyingi, ingawa kilimo hai kinaruhusu zaidi ya hapo. Madini ya shaba yaliyomo kwenye mrututu hayaozi wala hayaondoki ardhini. Umoja wa Ulaya wenyewe umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Salfa kwa ubwiri unga tutaitumia alfajiri tu, maana joto likizidi nyuzi 30 huunguza majani, na Septemba ya Tabora unaijua.

Sasa nije kwenye kalenda, ambayo naiona ina uzito kuliko aina yoyote utakayoichagua. Mzabibu wa nchi ya joto haulali wenyewe. Unaanza mzunguko mpya pale unapoupogoa. Tukipogoa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, maua na matunda yote yatapita katika miezi isiyo na mvua, na baada ya miezi kama minne tutavuna, kabla mawingu ya Novemba hayajarudi. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Sisi tuvune mara moja. Msimu wa mvua uwe wa kukuza matawi na kuweka akiba kwenye shina, na hapo ndipo aina stahimilivu inapotufaa, kwa sababu majani yake yatabaki mtini wakati ambapo majani ya aina nyingine yangepukutika. Wakulima wengi wa nchi za joto hupaka kemikali ya kuamsha macho ya kuchipua kwenye matawi baada ya kupogoa, lakini hiyo hairuhusiwi katika kilimo hai. Tusipoipaka, macho ya ncha ya tawi yatachipua na ya chini yatalala, hivyo itabidi tuyakunje matawi na kuyafunga kwenye waya ili yachipue kwa usawa. Ni kazi ya mikono mingi, lakini kwa eneo dogo tutaiweza.

Jambo linalonisumbua ni udongo. Mwaka jana nilipanda nyanya kwenye kona ya juu ya eneo lile, na nilipong'oa mashina, mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Hao ni minyoo fundo waliobaki na tumbaku, wanaopenda kichanga chetu, nao hushambulia mizabibu vilevile. Mche wa miaka miwili ukishambuliwa huwezi kuung'oa na kuanza upya kama nyanya. Ninakuomba sana tusipande mwaka huu. Mvua hizi tupande marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopunguza minyoo hao, eneo lote, tuyafukie yakianza kutoa maua, kisha tuongeze samadi iliyooza vizuri. Na tukiagiza miche, iwe imebebeshwa kwenye mashina yanayostahimili minyoo hao.

Kuhusu kuagiza, usikubali vipandikizi vya kufichwa kwenye begi kutoka nje, hata kama rafiki yako ana nia njema. Vinaweza kuleta virusi visivyo na tiba. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na aina nyingi mpya zina haki za mzalishaji, hivyo huruhusiwi kuzizalisha na kuziuza. Wewe uko karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora, kwa hiyo nenda ukawaulize wana aina gani stahimilivu na zimeonekanaje huko. Chukua pia miche ya zabibu nyekundu ya Makutupora, tuipande safu kwa safu na hizo nyingine.

Tuanze na robo ekari. Kwa mita tatu kati ya safu na mita mbili kati ya miche, itaingia miche kama 170. Nguzo ziwe za zege, kwa sababu mchwa wa Uyui hawaachi mti. Upande wa mashariki jirani bado analima tumbaku na kupiga dawa. Baba yako atazungumza naye, na tutaacha ukanda wa matete hapo, la sivyo nembo ya Kilimohai, inayothibitisha mazao ya kilimo hai, hatutaipata. Habari ya mvinyo tuiache kwanza. Zabibu za kula zitauzika mjini.

Yote haya yanategemea maji ya kuanzia Mei hadi Oktoba. Kisima cha bondeni hupungua sana Septemba, mwezi ule ule ambao vichala vinaiva. Ukija likizo, tukipime kiangazi kikiwa kikali, kabla hujatoa hata shilingi moja ya waya au ya mipira ya kumwagilia kwa matone.

Wasalimie wenzako hapo nyumbani.

Mimi mama yako.