Leza ya nguvu ndogo shingoni: hesabu dozi kwanza
Umeuliza kwa nini mgonjwa wako wa shingo hajapata nafuu baada ya kupigwa leza mara tatu. Mara tatu bado ni mapema, lakini kagua dozi. Leza ya miliwati 100 hutoa jouli 1 (kipimo cha nishati) kila sekunde 10. Kwa hiyo jouli 4 kwa sehemu moja ya ngozi ni sekunde 40 bila kuhamisha mkono. Kichwa cha leza kigandamize wima kwenye ngozi safi, maana ukikiinua mwanga mwingi unaakisiwa nje. Usizidishe pia, dozi kubwa mno hufifisha matokeo. Vaeni miwani ya leza nyote wawili, inayolingana na nanomita za mashine, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, na penye saratani, usiguse kabisa. Mkono wa mgonjwa ukikosa nguvu, mpeleke kwa daktari mara moja.