Maswali na Majibu: Baisikeli, Magari na Njia za Msituni

Juma hili barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja, nalo ni vuta nikuvute kati ya wenye magari ya porini na wenye baisikeli za milimani. Wote wawili hutoka Mombasa mwisho wa juma, wakavuka Nyali, Mtwapa na Kilifi kwenda kuutafuta msitu. Nimechagua barua tano.

Salaam aleikum ndugu mwandishi. Sisi ni kikundi cha baisikeli. Tukiwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke tulikutana na msafara wa magari kwenye njia nyembamba. Hawakupunguza mwendo hata kidogo, ikabidi tujitupe vichakani. Nani alipaswa kumpisha mwenziwe? (Nyali)

Waaleikum salaam. Kabla ya kuulizana nani apishe, ulizeni kwanza ile ilikuwa njia ya aina gani. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza mtu kufungua barabara au njia ndani ya msitu wa umma bila kibali. Kwa hivyo kama mlikuwa kwenye ujia wa miguu uliopanuliwa juzi na magurudumu ya watu waliotafuta mahali pa kujaribu magari yao, magari yale hayakuwa na haki ya kuwapo hapo, na suala la kupishana halipo.

Kama ilikuwa barabara ya msitu, ile ambayo hata walinzi huipita na gari, basi nyote mna haki ya kuitumia, na kwangu mimi mwenye injini ndiye asimame. Dereva akikanyaga breki hapotezi kitu. Mpanda baisikeli akirushwa pembeni huvunjika mtulinga, na kutoka ndani ya msitu ule hadi hospitali si karibu. Safari nyingine andikeni mahali, saa na nambari ya gari, kisha mpeleke habari kwa afisa wa misitu pale Gede siku hiyo hiyo. Malalamiko ya jumla hayafuatiliwi na mtu.

Kaka, mbona lawama zote ni zetu madereva? Kiingilio tunalipa kama wao. Baisikeli nazo zinachimba njia. Na huko ng'ambo magari na baisikeli wanatumia njia moja bila kelele. (Likoni)

Ndugu yangu, kuhusu baisikeli umesema kweli. Anayeteremka huku amebana breki ya nyuma, gurudumu likaburuzika, anakwangua njia mpaka mizizi inabaki wazi. Na anayekwepa dimbwi kwa kupita kando anaipanua njia kila siku ya mvua. Waendesha baisikeli wanaosoma hapa wasijifanye hawakusikia.

Hilo la ng'ambo lina ukweli nusu. Kule Moab, katika jimbo la Utah, Marekani, njia mashuhuri ya Slickrock ilianza mwaka 1969 kama njia ya pikipiki. Baisikeli zilikuja baadaye, na mpaka leo zote mbili hupita. Lakini pale chini ni mwamba mtupu wa mchanga ulioganda, tairi halichimbi kitu. Marekani hiyo hiyo, mwaka 1972, Rais Nixon alitoa amri kwamba magari ya nje ya barabara katika ardhi ya umma yawekewe maeneo na njia maalumu, ili kulinda udongo, wanyama na watumiaji wengine. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1968, iliziruhusu baisikeli kwenye njia za farasi kwa sharti kwamba zimpishe anayetembea na aliyepanda farasi. Magari hayakuingizwa katika ruhusa hiyo. Kwa hivyo hata huko watu hawaingii popote wanapotaka, wamegawiwa.

Sasa turudi kwetu. Land Cruiser iliyopakia watu na vyombo inapita tani 2, na mtu na baisikeli yake mara nyingi hawafiki kilo 100. Na uzito si yote, kuna nguvu ya injini pia. Gari likikwama katika ule mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi, gurudumu huzunguka pale pale na kuchimba. Masika ikifika, maji hufuata mitaro miwili ya matairi na kuiteremsha zaidi. Dereva wa pili anakuta shimo, anapita kushoto. Wa tatu anapita kushoto zaidi, juu ya miche ambayo ingekuwa mirihi na mibambakofi ya wajukuu wetu.

Na chini ya majani yale makavu yupo njule mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye karibu wote waliobaki duniani wanaishi katika msitu huu mmoja. Kiota chake ni lundo la majani juu ya ardhi. Gari likiacha barabara kwa hatua chache tu linaweza kukipondaponda, na aliyekaa nyuma ya usukani asijue. Hili linaniuma kuliko ugomvi wenyewe wa kupishana.

Sitaki mtoke msituni. Baisikeli ikivunjika katikati ya safari, gari ndilo linalombeba mtu, na nawajua madereva wanaofanya hivyo bila kuombwa. Ninachotaka ni mbaki barabarani. Kabla ya mchanga mlegevu toeni upepo kidogo kwenye matairi, wekeni gia ya chini, mwende polepole bila kukanyaga mafuta kwa pupa, kisha mjaze upepo tena mkifika kwenye lami. Atakayefanya hivyo hatachimba sana wala hatakwama sana.

Shikamoo. Mimi nafuga vipepeo na nyumba yetu iko ukingoni mwa msitu. Nasikia watu wa mjini wanagombania njia, lakini sisi tunaozipita kwa miguu hakuna aliyetuuliza. Magari yanatutia vumbi, na baisikeli zinatujia kimya nyuma ya mgongo. (Gede)

Marahaba, dada. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Mradi wa Kipepeo hapo Gede umekuwapo tangu mwaka 1993, na umewaonyesha wenye mashamba kwamba msitu uliosimama unaweza kulipa karo, kwa sababu mabundo yenu, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, huuzwa mpaka nchi za nje. Msitu wenyewe una kilomita za mraba 420 hivi, na umebaki kwa kiasi kikubwa kwa sababu nyinyi mnaouzunguka mna sababu ya kuutaka ubaki. Wageni wa Jumapili, wa gari na wa baisikeli, wanakuta kivuli ambacho wengine wamekitunza.

Mpangilio wangu ni huu: anayetembea kwanza, baisikeli ya pili, gari la mwisho. Mpanda baisikeli apige kengele mapema au aamkie kwa sauti, hodi ya kawaida inatosha, na apunguze mwendo mpaka aone kwamba mmesikia. Kikundi kikiwa kirefu, wa mbele aseme wangapi wanakuja nyuma yake, au aonyeshe kwa vidole. Mwenye gari asimame, azime injini, vumbi litulie, watu wapite.

Tena, sheria inavitambua vyama vya jamii vya misitu. Vikundi vya Mombasa viende kwenye mikutano ya vyama hivyo, vikae, visikilize ni njia zipi mnazipita na siku zipi, kabla havijachora ramani zao.

Mwandishi, huku kwetu vijana wameanza kuingia kayani na baisikeli, wakisema njia ni ya kila mtu. Je, ni sawa? (Diani)

Si sawa, mzee wangu. Kaya ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa, kwamba miiko ya wazee ndiyo iliyoihifadhi. Hapo Kaya Kinondo mgeni hujifunga kitambaa cheusi, hutembea na kiongozi wa kaya, na hachukui hata jani. Hakuna kijana wa pale asiyelijua hilo. Baisikeli ibaki nje, gari na pikipiki pia. Wazee wasichoke kuwarudisha, na sisi wa mjini tusiwatie vijana hamasa kwa kusifia picha zao.

Je, Shimba Hills tunaweza kwenda na baisikeli? Ni karibu zaidi kuliko Arabuko. (Changamwe)

Ni karibu kweli, ukivuka feri Likoni tu. Lakini Shimba Hills ni hifadhi ya wanyama chini ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, ina ndovu wengi, na ndiko palahala, aina ya swala wakubwa, wa Kenya nzima walikobaki. Mpanda baisikeli anayekata kona kimya anaweza kumkuta ndovu mwenye mtoto akiwa karibu mno asiweze hata kugeuza. Usiingie bila idhini ya KWS, na uipate kabla ya kuondoka nyumbani. Ukitaka kutumia miguu, matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick hufanywa pamoja na askari wa hifadhi, nayo ni mazuri sana.