Kihariri cha leveli: rekebisha uburutaji kabla ya kuongeza vitufe

Anayejitengenezea kihariri cha leveli za gemu yake, yaani programu ya kupangia vitu vya kila leveli, mara nyingi hukimbilia vitufe: cha kusogeza, cha kuzungusha, cha kuwasha gridi (mistari ya miraba ya kupangia vitu). Vitufe vingoje kwanza. Shika kitu kimoja kwa kipanya, kiburute taratibu, uone kama kinafuata mkono.

Anzia pale unapobofya. Ukilishika boksi pembeni, nalo likaruka ili katikati yake ikae chini ya kishale, umeshalitoa mahali pake kabla hujaamua liende wapi. Dawa yake nyepesi: unapobofya, hifadhi umbali uliopo kati ya kishale na boksi, kisha uudumishe muda wote wa kuburuta. Mwendo wa pikseli tatu nne za mwanzo usiuhesabu kabisa. Mkono hautulii, na mtu aliyetaka kuchagua ukuta tu atajikuta ameusogeza.

Kwenye gridi ndiko ninakoona programu nyingi zikikwama. Watu huchukua mwendo wa fremu moja (picha moja kati ya zile skrini inazochora mfululizo), wanalisogeza boksi, wanalipeleka kwenye mstari wa gridi ulio karibu, halafu wanarudia. Tuseme gridi ni ya pikseli 32 na kipanya kinakwenda pikseli 5 kwa fremu. Mstari ulio karibu ni uleule wa mwanzo, kwa hiyo boksi halibanduki hata ukiburuta hadi ukingo wa skrini. Ukivuta kwa nguvu, linaruka ghafla. Kila fremu, rudi kwenye nafasi ya mwanzo, ongeza mwendo wote tangu ulipobofya, ndipo ulipeleke kwenye gridi. Kwa kuwa nafasi ya mwanzo unayo, kughairi kwa Escape kunakuwa kazi ya mstari mmoja wa programu, na mburuto mzima unaingia kama hatua moja ya kutendua. Kubonyeza Ctrl+Z mfululizo ili mti mmoja urudi mahali pake ni adhabu.

Kwenye 3D kuna mtego mwingine. Huko kitu huburutwa kwa mishale, mmoja kwa kila mhimili, yaani mwelekeo wa X, Y au Z. Mhimili ukielekea kamera karibu moja kwa moja, kipanya kikitikisika kidogo tu kitu kinatupwa mbali kabisa. Pembe ikishakuwa finyu, ficha mshale wa mhimili huo. Rangi usibuni zako: X nyekundu, Y kijani, Z bluu, watu wameshazizoea.

Vitufe sasa. Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, ina G ya kushika, kisha X, Y au Z ya kufunga mhimili, na Shift ya kupunguza kasi; kwa mtu anayepanga vitu kutwa nzima, naiona bora kuliko kuvizia mishale midogo kwa kipanya. Unreal, injini ya kutengenezea gemu, nayo ina End, inayoshusha kitu hadi sakafuni. Kama una nafasi ya kuiga kimoja tu, iga hicho, kwa sababu miti na mawe yanayoelea ndiyo yanayokula muda. Vitufe vya mishale visogeze hatua moja ya gridi, na vifuate kamera: kushoto iwe kushoto kwa anayetazama, hata kama kwenye ramani ni X au Z.